Zawadi za Mikono ya Watoto Wetu
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka)



Kamati ilitutaka tuseme machache juu ya zawadi ambazo watoto wetu huwatengenezea wazee kila mwisho wa mwaka. Hatutaficha neno. Mwaka juzi watoto walileta maua ya karatasi, na fremu za picha zilizopambwa kwa shanga na gundi. Wazee walishukuru kwa adabu. Lakini tulipowazuru baada ya miezi michache, maua yalikuwa yamejaa vumbi juu ya kabati, na fremu hazikuwa na picha. Bibi mmoja alituambia kwa upole, "Wanangu, ningalipata kamba ya kumfungia mbuzi ningalifurahi zaidi."

Maneno hayo yalitutia haya, maana mkonge umeota mipakani mwa mashamba yetu. Mmea huu si wa asili ya kwetu: Richard Hindorf, Mjerumani, aliuingiza Tanganyika kutoka Florida mwaka 1893. Hata kabla ya hapo mama zetu walisokota nyuzi za magome ya miti, mbuyu ukiwamo, na ujuzi wa kusokota ni ule ule. Jani hukatwa, hukwanguliwa mpaka zibaki nyuzi nyeupe, nazo huoshwa na kuanikwa, kisha husokotwa juu ya paja. Utomvu wake huwasha ngozi. Basi kukata na kukwangua ni kazi ya watu wazima, na mtoto apewe nyuzi zilizokwisha kukauka.

Kwa hiyo mwaka jana tulimtuma kila mtoto akamwulize kwanza mzee wake ahitaji nini. Mmoja alitaka kamba. Mwingine alitaka ufagio wenye mpini mrefu, kwa kuwa mgongo haumruhusu kuinama. Mwingine mwiko wa kukorogea muthokoi. Kiondo kilitajwa pia, hasa kwa kuwa Serikali ilikwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Agosti 2017.

Kiondo kikubwa humchosha mtoto kabla hajafika ukingoni. Tulimshauri asuke kidogo, cha kutosha miwani na vidonge vya dawa. Ugumu uko kitakoni: nyuzi za msingi huanzia katikati, na kadiri zinavyoachana lazima nyingine ziongezwe, ama sivyo kitako hujikunja. Hapo mtoto hawezi peke yake. Bibi mmoja ambaye hakuwa amesokota uzi kwa miaka mingi alikifumua kitako cha mjukuu wake mara tatu, na mara ya nne akakisifu. Mama wa mtoto alikuwa ameketi kando yao akitazama, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupata kufundishwa.

Wako watakaouliza, na vinyago je? Tangu Mutisya Munge alipoleta Wamunyu ufundi wa kuchonga alioupata Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, twiga na vifaru wengi wamechongwa huko kwa ajili ya wageni, nao wamesomesha watoto wengi. Hatuwadharau. Ila hatujamwona mzee anayehitaji twiga jikoni. Mtoto na achonge mwiko, ausugue kwa msasa, wala asiupake vanishi, kwani utaingia katika chakula.

Si kila jambo lilifaulu. Kamba moja ilikatika siku ya pili, na mbuzi akaingia katika mbaazi za jirani. Mtoto alikuwa amesokota uzi mmoja tu. Kamba hushika pale nyuzi mbili zinaposokotwa kila moja upande mmoja, kisha zikapindwa pamoja kuelekea upande wa pili. Alianza upya, zawadi ikafika Januari, Krismasi imekwisha kupita, na mbuzi angali amefungwa kwa kamba hiyo.

Mwaka huu tunawaomba wazee wanaojua kusokota na kusuka waje siku za Jumamosi, wakae na watoto. Nyuzi zilizokauka tutazileta sisi. Na mzee yeyote anayetaka kamba, tafadhali amweleze mtoto urefu wake kwa hatua, na kama ni ya mbuzi ama ya ng'ombe.