Kadhi, Mkataba na Ridhaa: Mahakama za Kenya na Uhuru wa Dini



Ukiifuata Ndia Kuu ya Mji wa Kale wa Mombasa hadi mwisho wake utatokea Ngomeni, yaani Fort Jesus, na hatua chache mbele yake limesimama jengo la mahakama ya zamani lililojengwa mwaka 1902. Mpaka mwaka 1963 bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu ya ngome hiyo, ilhali ndani yake, kwa miaka mingi, Mwingereza aliweka wafungwa wake. Hivyo ndivyo ulivyokuwa mkataba wa Desemba 1895 kati ya Sultani na Uingereza. Enzi ya ukanda wa maili kumi wa Mwambao ilibaki kwa Sultani kwa jina, na funguo zikawa mkononi mwa mwingine. Bendera imeshushwa, gereza limegeuka makumbusho, mahakama ya 1902 haisikilizi tena kesi. Katika mpango ule wa zamani, aliyebaki kazini mpaka leo ni kadhi. Mhadhara huu unauliza kadhi huyu amesimama juu ya msingi gani. Nitadai kwamba msingi tuliozoea kuutaja, yaani ahadi ya mkataba, ni dhaifu kuliko tunavyodhani, na kwamba ulio imara zaidi ni ridhaa ya mtu anayefika mbele yake. Nitadai pia kwamba anayeushika msingi huo hana budi kuyabeba matokeo yake yote.

Tuanze na ahadi, kwa sababu ni ya kweli na imeandikwa. Miaka ya mwisho ya ukoloni Mwambao uligawanyika: wapo waliotaka kujitenga, wapo waliotaka kubaki na Zanzibar, na wapo waliotaka Kenya moja. Sir James Robertson, aliyetumwa kulichunguza suala hilo mwaka 1961, alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya kwa masharti ya kuwalinda watu wake. Mwezi Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua. Miongoni mwa yaliyoahidiwa ni kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatahifadhiwa daima katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu. Ahadi hiyo iliingia katika katiba ya uhuru. Ndiyo maana hapa mjini, kila kadhi anapoguswa, jibu huwa ni lile lile: tuliahidiwa.

Lakini ahadi ya mkataba ina mipaka ya mkataba. Ilitolewa kwa ajili ya ukanda wa Pwani, wala haikumtaja Mwislamu wa Garissa, wa Kisumu au wa Nairobi. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967 ilipozieneza mahakama hizo nje ya ukanda, ilizipeleka mahali ambapo barua za 1963 hazikufika. Ufa huo ndio ulioingiliwa na viongozi wa makanisa waliofungua kesi mwaka 2004, wakati rasimu ya katiba mpya ikibishaniwa. Majaji Nyamu, Wendoh na Emukule walitoa hukumu tarehe 24 Mei 2010, wiki kama kumi kabla ya kura ya maoni. Walisema kwamba kuziweka mahakama za dini moja katika katiba, na kuzieneza nje ya ukanda wa zamani, ni kuipendelea dini hiyo, jambo lisilopatana na usawa wala na serikali isiyofungamana na dini. Waislamu wengi waliipokea hukumu hiyo kama uadui. Naiona kama onyo: ukiitetea haki kwa hati ya ardhi, mwenzako ataichukua hati hiyo hiyo na kukuonyesha mpaka wako unapoishia.

Kesi nyingine, hii ya Mombasa, inafundisha somo lilo hilo. Kundi la Mombasa Republican Council, lililopigwa marufuku mwaka 2010, lilijenga madai yake ya Pwani kujitenga juu ya hati za 1895 na 1963. Mwezi Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliiondoa marufuku hiyo. Hata hivyo, kilicholiokoa kundi mahakamani si hati za Sultani. Ni uhuru wa kila Mkenya kujiunga na wenzake, na wajibu wa serikali kuonyesha kwamba imeubana uhuru huo kwa kiasi kinachostahili tu. Mkataba uliwapa watu wimbo wa kuandamana nao, na ulinzi wakaupata katika haki ya mtu binafsi.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliwabakisha makadhi, lakini kimyakimya iliwahamishia kwenye msingi huu wa pili. Kifungu cha 8 chasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 170 kinayarudia maneno ya 1963 kuhusu ndoa, talaka na mirathi, kisha kinaongeza sharti ambalo barua zile hazikuwa nalo: wahusika wote, mbali na kuwa Waislamu, wayakubali mamlaka ya mahakama hiyo. Kukubali huko ndiko nguzo ya nyumba yote. Leo kadhi wa Nairobi ana haki sawa na kadhi wa Mombasa, kwa sababu uhalali wake hautoki tena kwenye maili kumi za Sultani; unatoka kwa mtu aliyeamua kwenda kwake.

Atasema mtu: serikali bado inamlipa kadhi mshahara kutoka kodi ya wote, na huo ni upendeleo. Hoja hii ina uzito, ila inasahau kwamba serikali huihudumia imani ya wengi bila hata kulitaja jina lake. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na mgogoro wa kila moja una meza ya serikali ya kuusikiliza. Tena tuwatazame wanaofaidika. Mwanaanthropolojia Susan Hirsch, aliyezichunguza mahakama za kadhi za Pwani ya Kenya na kuchapisha kitabu mwaka 1998, alikuta kwamba wengi wa wanaofungua madai ni wanawake, na kwamba kwa kawaida hushinda. Mke aliyetelekezwa bila chakula wala talaka hamwendei kadhi kuenzi mkataba. Anakwenda kudai matunzo, au faskhi, yaani kuvunjwa kwa ndoa na kadhi, imfungue. Kuifunga meza hiyo kwa jina la usawa ni kumnyang'anya yeye kwanza.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya nyumba, nalo ni zito zaidi: msingi ukiwa ridhaa, itakuwaje mmoja asiporidhia? Chukua nyumba moja ya ghorofa hapa mjini. Mwenyewe amefariki, ameacha mke, mwana wa kiume na binti. Kwa hesabu ya faraidhi, yaani sheria ya Kiislamu ya mirathi, nyumba hugawanywa sehemu 24: mke thumni yake, yaani sehemu 3, mwana 14, binti 7. Binti akiridhia, hakuna wa kumsemea. Asiporidhia, Mahakama Kuu ipo. Hata huko hajaikimbia sheria ya Kiislamu, kwa kuwa Sheria ya Urithi, tangu iliporekebishwa mwaka 1990 baada ya malalamiko ya Waislamu, yasema mali ya Mwislamu aliyekufa igawanywe kwa sheria hiyo. Ndiyo maana hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 30 Juni 2025, katika shauri la mirathi lililoanzia Mahakama Kuu ya Mombasa, ilitikisa misikiti. Mahakama ilisema watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kunyimwa urithi kwa sababu ya hali ya wazazi wao, na kwamba katiba inapoiruhusu sheria ya Kiislamu kupunguza haki ya usawa, ruhusa hiyo isomwe kwa ufinyu, kwa kiasi kinachohitajika kabisa mbele ya kadhi.

Wanaosema hukumu hii inamwachia kadhi kiti kitupu wana sababu ya kuhofu, kwani kila asiyependa fungu lake aweza kuvuka barabara. Lakini mlango huo hauwezi kupigwa kufuli. Sharti lililompa kadhi uhalali mwaka 2010 ndilo linalompa mtu ruhusa ya kutokwenda kwake. Huwezi kulishika upande mmoja na kuuachilia wa pili. Kinga ya kadhi imo katika kazi yake. Rufaa kutoka kwake, kwa mujibu wa sheria ya mwenendo wa madai, husikilizwa na Mahakama Kuu pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wawili wakiwa washauri. Kwa hiyo elimu ya fikihi haijatupwa nje. Hukumu zikiandikwa kwa hoja zinazosomeka, watu watazifuata bila kusukumwa.

Wapo pia watakaouliza: ridhaa gani ya binti aliyeketi kati ya kaka zake na wajomba zake? Ni swali la haki, na mkataba hauna jibu lake. Jibu ni utaratibu. Siku ya kwanza ya shauri, kabla ya neno lolote la mirathi, kila mhusika aulizwe peke yake, kwa Kiswahili, kama anayakubali mamlaka ya kadhi. Aelezwe kwamba ana njia nyingine. Na jibu lake liandikwe katika faili kwa saini yake. Utaratibu huu hauhitaji katiba mpya wala mkataba mwingine. Unahitaji karatasi moja na kadhi mwenye subira, na nawaomba makadhi wetu waanze nao hapa Mombasa.