Mji Ulioshinda Kura Ukanyang'anywa Ushindi

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi la wafanyikazi wa reli)



Leo twataka kusema habari za mji wa mbali. Pengine mwingine atauliza: mambo ya Marekani yatuhusu nini sisi watu wa reli? Twamwomba avumilie kidogo. Mji huo ulipigania haki yake ukashinda, kisha ukanyang'anywa ushindi. Sababu yake yafaa kila mwanachama aijue.

Mji wenyewe ni Denton, katika jimbo la Texas. Chini yake, zaidi ya maili moja ardhini, uko mwamba ulioshika gesi. Gesi hiyo haitoki kwa kuchimba kisima tu. Wenye makampuni hutoboa shimo kwenda chini, kisha hulipinda likaenda ubavu ndani ya mwamba. Halafu husukuma mamilioni ya lita za maji, yaliyochanganywa na mchanga na madawa, kwa nguvu nyingi hata mwamba upasuke. Mchanga hubaki katika nyufa ili zisizibe, na gesi hupanda juu. Kazi hiyo yaitwa frakingi.

Huko Denton kazi hiyo ilifanywa ndani ya mipaka ya mji. Visima zaidi ya 200 vilikuwa humo, vingine karibu na nyumba za watu, kingine karibu na uwanja wa kuchezea watoto. Malori yalipita, mitambo ikanguruma, na watu wakalalamika juu ya harufu na moshi. Tena katika Texas mtu aweza kuwa na nyumba na kiwanja chake, lakini gesi iliyo chini yake ikawa mali ya mwingine. Mwenye gesi ana haki ya kuifuata.

Baraza la mji likajaribu. Mwaka 2013 likatunga sheria kwamba kisima kipya kiwe futi 1,200 mbali na nyumba. Wachimbaji wakajibu kwamba vibali vyao ni vya zamani na sheria mpya haiwashiki. Wakaendelea.

Basi wakaaji wakasimama wenyewe. Hawakuwa watu wakubwa. Kati yao walikuwamo muuguzi, mwalimu wa chuo kikuu, na wazazi wenye watoto. Walizunguka wakiomba sahihi, wakapata karibu 2,000. Julai 2014 baraza liliketi kuwasikiliza watu hata baada ya usiku wa manane, na mwisho likakataa kupitisha sheria hiyo lenyewe. Kwa hiyo jambo likapelekwa kwenye kura. Upande wa makampuni ulimwaga fedha nyingi sana kuliko za wakaaji. Lakini tarehe 4 Novemba 2014, karibu watu 59 katika kila 100 waliopiga kura walisema frakingi ikome. Denton ukawa mji wa kwanza wa Texas kuipiga marufuku.

Sasa sikilizeni. Kesho yake tu, chama cha wenye mafuta na gesi kilifungua mashtaka, na ofisi ya serikali ya jimbo inayosimamia ardhi nayo ikashtaki. Wala hawakungoja mahakama. Walikwenda kwenye bunge la jimbo, na tarehe 18 Mei 2015 Gavana Greg Abbott akatia sahihi sheria inayozuia miji kupiga marufuku kazi hiyo. Mwezi uliofuata wachimbaji walirudi Denton, na watu kadhaa waliokaa njiani kuwazuia wakakamatwa. Tarehe 16 Juni baraza likaifuta sheria ambayo watu wenyewe waliipigia kura.

Ndugu, walikosea wapi? Kwa ujasiri hawakukosea. Walishinda ndani ya mji, lakini mamlaka ya kufuta kura yao yalikuwa nje ya mji, na huko walikuwa peke yao. Sisi twajua kwamba taruma moja halishiki reli. Tazameni jimbo la New York. Huko miji midogo zaidi ya 100 ilisimama pamoja. Mji wa Dryden uliposhtakiwa, mahakama kubwa ya jimbo iliupa haki tarehe 30 Juni 2014. Watu hawakuenda kulala. Waliendelea kumsumbua gavana wao mpaka Desemba 2014, serikali yake ikatangaza kwamba frakingi haitaruhusiwa katika jimbo lote.

Liko neno jingine linalotugusa sisi. Wakaaji wa Denton waliambiwa: mwafukuza kazi. Maneno hayo huwafanya jirani na mfanyikazi wachukiane. Lakini mwaka 2012 idara za Marekani zinazoangalia usalama kazini zilitoa onyo kwamba vumbi la mchanga wa frakingi laharibu mapafu ya wafanyikazi wenyewe. Jirani alilalamikia hewa iliyofika dirishani kwake, na mfanyikazi alikuwa akivuta vumbi lenyewe. Hao wawili si maadui.

Hapa kwetu tumeona vivyo hivyo. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kilisambaza sumu ya risasi kati ya watu. Aliyeanza kupiga kelele ni Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyikazi wa kiwanda hicho hicho, na mtoto wake aliugua. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3. Hukumu hiyo ikapingwa, na ni Desemba 2024 tu ambapo Mahakama ya Juu iliithibitisha. Hata hukumu nzuri yahitaji walinzi.

Kwa hiyo twaomba tawi likubali mambo matatu. Kwanza, mtu akituletea habari za sumu karibu na nyumba zake, tusimwambie kwamba hayo si mambo ya chama. Pili, Bunge la Kaunti likiita watu watoe maoni, tawi lipeleke wajumbe wake, wala tusiseme wengine watakwenda. Tatu, tukishinda jambo hapa, tuwaandikie matawi mengine siku hiyo hiyo, kabla wenye fedha hawajafika kwa wakubwa.

Watu wa Denton walifanya kazi yao vizuri hata siku ya kura. Sisi tuanze na siku ya pili yake.