MAJI YA BARIDI NA MOYO ULIOSIMAMA

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mwenzetu, daktari mstaafu, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani uliofanyika Nkoaranga, Meru)



Kwanza kabisa naishukuru kamati kwa kunipa nafasi ya kusema machache, na hasa kwa kuuleta mkutano huu hapa Nkoaranga, nyumbani kwetu. Mara ya mwisho niliposimama mbele ya wengi wenu nilikuwa kiranja wa bweni, nikiwahimiza mzime taa, nanyi mkanizomea. Leo naona mmetulia. Sijui ni adabu au ni uzee.

Ndugu zangu, kazi niliyopewa si nyepesi. Mtakumbuka kwamba katika mkutano uliopita tuliazimia kuchanga fedha za kununua mashine ya kupoza mwili, tuitoe zawadi kwa hospitali moja ya mkoa wetu kwa kumbukumbu ya golikipa wetu. Wazo hilo lilitoka kwa mwenzetu mmoja aliyeko ughaibuni, aliyesoma kwamba mtu ambaye moyo wake umesimama akapozwa, ubongo wake huokoka. Kamati imeniomba niwaeleze maana ya jambo hilo kabla fedha hazijatoka. Wapo waliokuwa wakisema “mashine ya kupooza”. Hapana. Hii ni ya kupoza, na hiyo “o” moja isipoangaliwa inaweza kumlaza mtu kitandani maisha yake yote.

Kabla ya mashine, nianze na golikipa wetu mwenyewe. Mlikuwapo wengi siku ile ya Desemba 1989. Timu yetu ya wanafunzi wa zamani ilikuwa ikicheza na vijana katika uwanja ule ulio chini ya migomba, si mbali na hapa tulipoketi. Alidaka mpira, akaurusha, akapiga hatua mbili, akaanguka kifudifudi. Tulimgeuza. Hakuitika. Alikuwa akikoroma, kisha kimya, kisha anakoroma tena. Mmoja wetu akasema, “Anapumua, mpeni hewa.” Mwingine akapiga kelele, “Leteni maji!” Mnajua maji ya mfereji wetu yanavyotoka mlimani: hata mchana wa jua yanauma meno. Tukamwagia ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wengine wakakimbia kutafuta gari. Pikapu ya kubebea kahawa ilipofika, hapakuwa tena na la kufanya.

Kati ya watu wote waliokuwa uwanjani, mtu mmoja alikuwa amefundishwa la kufanya. Mtu huyo ni mimi. Nilikuwa tayari tabibu mwenye cheti. Njia ya kukandamiza kifua ilikuwa imetangazwa kwa madaktari wa dunia tangu 1960, nami nilikuwa nimefanyia mtihani na kufaulu. Lakini nilipopiga magoti pale nilisikia sauti za wakubwa zangu zikidai maji, nikaona haya kuwapinga, nami nikashika ndoo. Jambo hili sijapata kulisema hadharani. Nalisema leo kwa sababu linahusu fedha zenu, na kwa sababu shemeji aliniuliza mwaka jana swali ambalo nitalijibu kabla sijaketi.

Sasa tuingie katika somo. Moyo ukisimama, damu haitembei, na ubongo hukosa oksijeni. Viungo vingine huvumilia kidogo, lakini ubongo hauna akiba. Baada ya dakika nne au tano hivi chembechembe zake huanza kuharibika, na hata moyo ukirudi kupiga, uharibifu huendelea kwa saa na siku. Hapo ndipo wazo la baridi lilipozaliwa. Mwili ukipoa, mahitaji ya ubongo hupungua, karibu sehemu sita au saba katika mia kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka. Ni kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu: makaa hayazimi, bali hula polepole.

Madaktari hawakuyabuni haya jana. Mwaka 1952, huko Minnesota, Marekani, walimpoza mtoto wa miaka mitano wakapata dakika chache za kumpasua moyo na kuuziba tundu lake. Mwaka 1958 wengine wa Baltimore waliandika habari za wagonjwa wanne waliopozwa baada ya moyo kusimama. Na mwaka 1999 daktari mmoja wa Kiswidi, Anna Bågenholm, alitumbukia katika kijito chini ya barafu huko Norway alipokuwa akiteleza kwenye theluji. Alikaa humo dakika 80, na joto la mwili wake likashuka hadi nyuzi 13.7 za sentigredi. Akapona, akarudi kazini kwake. Lakini angalieni vizuri: yeye baridi ilimpoza kwanza, moyo ukasimama baadaye. Ubongo wake ulikuwa umekwisha kufunikwa majivu. Golikipa wetu alisimama moyo akiwa na jasho la mchezo.

Mwaka 2002 zilitoka taarifa mbili kwa pamoja, moja ya Ulaya na moja ya Australia. Ile ya Ulaya ilikuwa na wagonjwa 275. Waliopozwa hadi nyuzi 32 au 34 kwa muda wa saa 24 walipona vizuri 55 katika mia, na wasiopozwa 39 katika mia. Dunia ya madaktari ilishangilia, nami nilishangilia. Hospitali za nchi tajiri zikanunua mablanketi ya maji, mashine na mirija. Habari aliyoisoma mwenzetu ni ya wakati huo, wala hakudanganywa.

Lakini sayansi ni kama shamba, hupaliliwa kila msimu. Mwaka 2013 wagonjwa 939 waligawanywa: wengine wakapozwa hadi nyuzi 33, wengine wakawekwa kwenye 36. Haikuonekana tofauti. Mwaka 2021 ulitoka uchunguzi mkubwa zaidi, wa wagonjwa wapatao 1,900 katika nchi nyingi. Nusu yao walipozwa hadi nyuzi 33. Nusu wakaachwa na joto la kawaida, ila wakazuiwa wasipate homa. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 50 katika mia ya waliopozwa, na 48 katika mia ya wasiopozwa. Tena waliopozwa walisumbuliwa zaidi na mapigo ya moyo yaliyovurugika. Wapo madaktari wanaoamini bado kuna wagonjwa fulani watakaofaidika, na utafiti unaendelea. Lakini shauri linalotolewa sasa kwa wengi ni dogo na la bei nafuu: mgonjwa ambaye moyo umerudi lakini hajazinduka apimwe joto mara kwa mara, na homa izuiwe.

Mtaniuliza, je, hapa kwetu Afrika hakuna aliyejaribu? Wapo, na si mbali. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, madaktari waliwajaribu watoto wachanga waliozaliwa wakiwa wamekosa hewa. Hawakuwa na mashine ya fedha nyingi; walitumia chupa zilizojazwa maji ya bomba. Taarifa yao ya mwaka 2008 ilihusu watoto 36, ikaonyesha kwamba kupoza kwa njia hiyo kunawezekana. Kuwezekana, ndugu zangu, si sawa na kuponya. Katika nchi tajiri njia hiyo imewafaa watoto wa namna hii, na hutumika kila siku. Lakini mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh, katika hospitali kubwa zenye vyumba vya uangalizi. Waliopozwa walifariki 42 katika mia, na wasiopozwa 31. Dawa iliyomfaa mtoto wa London haikumfaa mtoto wa huko. Basi kabla hatujaagiza kitu kwa kuwa kimesifiwa ng'ambo, tuulize kwanza kimepimwa kwa nani.

Nitawapa sasa habari ya nyumbani, nayo ni njema. Hapa Tanzania wakunga na wauguzi wa hospitali nane walifundishwa jambo moja: mtoto akizaliwa bila kulia, wasingoje. Wamkaushe, wamsugue mgongo, na asipopumua wampe hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Walifundishwa kwa mwanasesere. Taarifa iliyotolewa mwaka 2013 ilionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa 47 katika mia. Ilikuwa mikono iliyofundishwa, mfuko wa kupulizia, na dakika moja.

Sasa narudi kwenye swali la shemeji. Aliniuliza, “Daktari, kama mashine hiyo ingalikuwapo siku ile, baba watoto angalipona?” Shemeji yangu, jibu ni hapana. Mashine ya kupoza ni ya mtu ambaye moyo umekwisha rudi, amelazwa kwenye chumba cha uangalizi, anapumuliwa na mashine nyingine, ana dawa ya usingizi ili asitetemeke. Wa kwako hakufika huko. Kilichoweza kumpa nafasi ni mikono, na mikono ilikuwapo zaidi ya arobaini pale uwanjani, miwili ikiwa yangu. Siwezi kusema angalipona. Nasema hakupewa nafasi, nami nakuomba radhi mbele ya wote hawa. Maji yakimwagika hayazoleki, na sisi tuliyamwaga ndoo tatu.

Ndugu wanachama, shikeni haya muende nayo majumbani. Mtu akianguka, mwite na mtikise bega. Asipoitika, na hapumui au anakoroma kwa vipindi kama golikipa wetu, moyo umesimama. Kukoroma huko si usingizi. Mmoja aite msaada na gari. Wewe mlaze chali mahali pagumu, weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono na ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita tano au sita. Fuata mwendo wa gwaride tuliopigishwa uwanjani, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukichoka, mwingine apokee. Aliyezama majini na mtoto mdogo huhitaji pia kupuliziwa hewa. Wala usimwagie maji: hayauamshi moyo, yanaweza kumwingia mapafuni, na yanakula dakika ambazo ubongo hauna.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja kwamba azimio letu la mwaka jana libadilishwe. Badala ya mashine ya kupoza, tununue sanamu za kufanyia mazoezi ya kukandamiza kifua, tuzizungushe katika shule za sekondari za hapa Meru, tukianzia na shule yetu. Fedha zikibaki, tununue mashine ndogo ya kushtua moyo iwekwe pale watu wanapokusanyika, pamoja na watu waliofundishwa kuitumia. Jina la golikipa wetu liandikwe juu ya sanamu hizo, vijana walisome kila wanapopiga magoti.

Najua wapo watakaosema sanamu si zawadi ya heshima kama mashine. Mimi nasema yeye alikuwa golikipa. Alifundishwa kunyoosha mikono kwa wakati, asingoje. Sisi ndio tuliongoja.

Mchana huu, baada ya chakula, nimeleta sanamu moja ya kuazima. Iko pale chini ya mti. Naomba kila mmoja wetu apite, hata ninyi wenye magoti mabovu. Shemeji amesema yeye atakuwa wa kwanza.