Sehemu Moja Tu, Halafu Nilale
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Lamu)

Leo hatukuja na habari za mikopo wala nyavu. Tumekuja kuzungumza juu ya usingizi na simu.

Wengi wetu tunakumbuka nyumba za video. Mlikaa chini, picha ikaonyeshwa, jenereta likazimwa, kila mtu akaenda kwao. Hata tamthilia ya Maria, iliyoonyeshwa na Citizen TV kuanzia mwaka 2019 hadi 2021, ilikupa sehemu moja jioni, basi ungoje kesho. Hapo katikati watu walibishana sokoni na jetini, na ubishi ule ulikuwa nusu ya utamu.

Siku hizi sivyo. Netflix ilifika Kenya Januari 2016, na kuna YouTube na njia nyingine nyingi. Tamthilia nzima imo mkononi. Sehemu moja ikiisha, ya pili huanza yenyewe baada ya sekunde chache, hata kidole huinui. Na watungaji ni mafundi: wanakata palepale mlango unapobishwa hodi. Mwaka 2017 Reed Hastings, aliyekuwa mkuu wa Netflix, alisema wazi kwamba wanashindana na usingizi. Kwa hiyo tusiseme ni uvivu wa vijana tu. Kuna watu wamekaa kitako wakafikiri namna ya kuuchukua usiku wetu. Na bando tunalinunua wenyewe!

Mtu mzima anahitaji saa 7 za kulala au zaidi. Akilala saa 3 usiku mmoja, si neno. Lakini usiku ukifuata usiku, moyo unakuwa mzito, hasira inakuwa karibu, wasiwasi unamwingia bila sababu. Mvuvi anaamka maji yameshakupwa, mashua imekaa mchangani, na wenzake wamenuna. Anaona aibu. Usiku akiona aibu anafungua nini? Simu ileile.

Sasa tuwaambie kosa letu. Katika kikundi chetu alikuwako mama mmoja, msuka makuti hodari. Akaanza kuchelewa, kisha akawa haji. Tukamtoza faini ya shilingi 50, mara ya pili, mara ya tatu. Tukamcheka, ati ameolewa na simu. Mwishowe wawili wetu wakaenda kwake, na kusema kweli walikwenda kudai faini. Wakamkuta amekonda. Akawaambia kwamba tangu azike mamake, nyumba ikinyamaza usiku mawazo yanamjia, kwa hiyo anaziacha zile sauti za tamthilia ziendelee mpaka adhana ya alfajiri.

Mnaona? Huzuni ilitangulia, tamthilia ikafuata. Lakini kukesha kukaizidisha ile huzuni, naye akawa hawezi tena kutenganisha kimoja na kingine. Faini tulimrudishia. Aibu ilitushika sisi.

Basi mwenzenu akiadimika, mwulizeni hali kabla ya kumtoza. Ule mtindo wa sehemu kuanza yenyewe unaweza kuzimwa katika mipangilio. Kijana yeyote hapa atawaonyesha. Ni vizuri kuamua idadi ya sehemu kabla ya kuwasha, si baadaye, na simu ilale chumba kingine. Tumejaribu; usiku wa kwanza ni mgumu. Na ikiwa huzuni ya mtu imepita wiki mbili haijapungua, msindikizeni zahanati, aelekezwe panapofaa. Akisema ametamani kufa, msimwache peke yake hata kidogo, mpelekeni siku hiyohiyo.

Yule mama amerudi. Hakuacha tamthilia, wala hatukumwambia aache. Siku ya mkutano, hesabu zikiisha, simu inaegemezwa kwenye debe, tunatazama sehemu mbili wote pamoja huku mikono ikisuka. Kisha inazimwa, na hapo ndipo kelele zinapoanza: nani mwongo, nani ataolewa na nani. Wiki iliyopita tulibishana hata tukasahau kufunga sanduku la pesa.