Rada Yaona Maji, Mkulima Ajua Zao
Maneno kwa wakulima wa bonde la Mto Tana



Kwa miaka michache tu, bonde hili limepigwa na ukame na mafuriko. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaleta mafuriko, na masika ya 2024 mto ukafurika tena. Kila mara swali huwa lile lile: ni mashamba yapi yameathirika, na kwa kiasi gani?

Picha za kawaida za setilaiti hushindwa kujibu wakati wa mvua, kwa kuwa mawingu hufunika mashamba. Rada haizuiwi na mawingu wala giza. Setilaiti za Sentinel-1 za Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa 2014, hutuma mawimbi ardhini na kupima yanayorudi. Picha zake hutolewa bure. Udongo mkavu hurudisha mawimbi machache. Wenye unyevu hurudisha mengi zaidi. Maji yaliyotulia huyarusha pembeni kama kioo, hivyo mahali palipofurika huonekana peusi. Picha ya kabla ikilinganishwa na ya baada, mafuriko yalipofika panajulikana.

Hata hivyo, rada ina mipaka. Setilaiti moja hurudia njia ile ile kila siku 12, na maji yanaweza kuja na kuondoka kabla haijapita. Maji yaliyo chini ya miembe huweza kufichwa na majani. Mchanga mkavu nao huweza kuonekana mweusi kama maji.

Kubwa zaidi ni mpunga. Shamba lililotiwa maji ya kupandia na shamba lililozamishwa na mto, yote huonekana meusi. Moja ni tumaini la mavuno, jingine ni hasara. Anayejua tofauti ni mkulima.

Kwa hivyo, kila mkulima aandike zao alilopanda, tarehe ya kupanda, ukubwa wa shamba, siku maji yalipoingia na siku yalipotoka. Daftari la kawaida latosha. Maji yakiingia, habari hizo zimfikie afisa wa kilimo wa wadi mapema. Picha na daftari zikikubaliana, hasara ya mkulima haitakuwa neno lake peke yake.