Namba Kwenye Kioo na Joto la Kweli



Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kwenye joto la nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ili kulichunga joto hilo, kijana anayejifunza elektroniki leo anaweza kununua bodi ndogo ya kompyuta iitwayo Arduino, akaunganisha kihisi cha platini, akaandika programu fupi, na jioni hiyohiyo namba zikaanza kupita kwenye kioo cha kompyuta. Ninachodai mbele yenu ni kwamba namba hizo bado si joto.

Kwamba ukinzani wa metali hubadilika kufuata joto, Humphry Davy alikwisha kuliona mwaka 1821. William Siemens akapendekeza platini mwaka 1871, ila vipimajoto vyake viliyumba kadiri vilivyotumika. Ni Hugh Callendar wa Cambridge, miaka ya 1880, aliyeonyesha kwamba waya wa platini safi, usiobanwa na uliokingwa na uchafu, huaminika. Kihisi cha platini kiitwacho Pt100 kina omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Kwa kila nyuzi moja, badiliko halifiki hata nusu omu.

Hapo ndipo penye kazi. Ukipitisha mkondo wa miliampea 1, nyuzi moja ya joto huleta milivolti 0.385 tu. Arduino Uno hugawa volti 5 katika ngazi 1,024, yaani takriban milivolti 4.9 kwa kila ngazi. Pigeni hesabu: ngazi moja ni karibu nyuzi 13! Friji ya chanjo inaweza kutoka nyuzi 2 ikafika 8 na namba isitikisike. Ukiongeza mkondo, kihisi chenyewe hupata moto, ukabaki kupima joto ulilolitia wewe.

Nyaya nazo zina ukinzani wao. Omu 1 ya nyaya ndefu huzua nyuzi 2.6 zisizokuwepo. Dawa yake ni nyaya nne: mbili za kupeleka mkondo, mbili za kusoma volti. Na badala ya ngazi pana za Arduino, chipu kama MAX31865 hulinganisha kihisi na rezista maalumu, na huweza kutofautisha takriban sehemu 3 za mia za nyuzi. Hata hivyo, kutofautisha si kusema kweli. Rezista hiyo ikikosea, kila namba hukosea nayo, kwa unadhifu uleule.

Kwa hiyo kihisi lazima kihakikiwe. Barafu ya maji safi, iliyopondwa na kulowekwa katika maji yake, hutoa nyuzi 0 popote. Maji yanayochemka yanahitaji tahadhari: Dar es Salaam huchemka karibu na nyuzi 100, lakini Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 au 95.

Nawaomba walimu wa maabara: mwanafunzi akileta kipimajoto chake, mwulizeni kwanza kilisoma ngapi ndani ya barafu.