Pikipiki ya Mjomba Haiuzwi kwa Kilo

Juma hili nawaomba tuziache kidogo habari za siasa na bei ya sukari, tuteremke pamoja hadi Ziwa Jipe, kule ambako Milima ya Upare Kaskazini inakwisha na nchi ya Kenya inaanza. Safari yangu ya huko ilihusu pikipiki kuukuu. Najua wapo watakaosema kwamba mtangazaji huyu sasa ameishiwa. Wanivumilie dakika kumi tu.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG 125, nyekundu, mali ya mjomba wangu. Mjomba alikuwa bwana mifugo. Alikabidhiwa chombo hicho na ofisi mwaka 1983, akakitumia kukagua ng'ombe na mbuzi toka Kigonigoni hadi Toloha. Mwaka 1991 ilipouzwa kwa mnada, pamoja na meza mbovu na mashine za kuchapa zilizokwisha meno, akainunua mwenyewe. Tangu siku hiyo haijapata bwana mwingine.

Mwezi uliopita alinipigia simu. "Mpwa wangu," alisema, "amekuja mtu wa chuma chakavu na mizani yake. Anaitaka Honda. Mguu wangu haupigi tena kiki kama zamani. Lakini nimeona nikuulize wewe kwanza, maana wewe ulipona mgongoni mwake."

Hapo ndugu wasikilizaji yabidi nieleze. Mwaka 1987 nilikuwa na miaka saba, nikashikwa na degedege usiku wa manane. Gari hakuna, na petroli vijijini ilikuwa ya kubahatisha. Mjomba alikuwa na chupa moja ya akiba ambayo hakumwonyesha mtu. Mama alinifunga kwa khanga katikati yake na mjomba, tukapanda mlima kwenda hospitali. Taa ya Honda za wakati ule ilikuwa ya volti 6, mwanga wake umeuzidi kidogo wa koroboi. Mama husimulia kwamba kwenye kona alikuwa akifumba macho. Tulifika, nikachomwa sindano, na leo ninasema nanyi.

Pamoja na hayo, nilipokuwa kijana ninayesomea uandishi wa habari, niliionea haya pikipiki ile. Siku moja mjomba alikuja kunipokea stendi ya Mwanga. Niliposikia mlio wake, nilijificha nyuma ya kibanda cha chai hadi wanafunzi wenzangu walipoondoka. Aliniona. Hakusema neno, si siku ile wala baadaye. Alinipa kofia ngumu, tukaondoka. Kwa hiyo aliponiuliza habari ya mtu wa mizani, sikujibu kwa simu. Nilipanda basi.

Sasa niwaeleze ni chombo gani hiki. Honda waliiingiza CG 125 sokoni mwaka 1976. Kabla ya hapo walikwisha kuona kwamba katika nchi kama zetu pikipiki zao za aina nyingine zilikuwa zinakufa mapema, wakatuma wataalamu kwenda kuangalia sababu. Waliyoyakuta mnayajua: mtu hamwagi oili mpaka iwe nyeusi kama lami, anapakia watu watatu na gunia, na anaendesha mpaka chombo kisimame chenyewe. Wangeweza kutulaumu. Wao waliamua kutengeneza injini inayovumilia tabia zetu. Waliondoa mnyororo wa ndani unaozungusha kemshafti juu ya silinda, ambao hulegea na kudai fundi, wakaweka fimbo mbili za chuma zinazosukuma valvu. Na cheni ya nyuma wakaifunika yote, vumbi lisiile.

Ikatengenezwa Japani, ikatengenezwa Brazil, na huko Pakistan imeendelea kutengenezwa kwa miongo mingi, umbo likiwa karibu lile lile. Halafu Wachina wakaiga injini hiyo. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa vijiweni mwetu, hasa tangu serikali ilipotoa kanuni za leseni za bodaboda mwaka 2010, zina moyo ulionakiliwa kutoka Honda hii. Si zote, maana Boxer ya Kihindi ina ukoo wake. Lakini kijana anayeipita Honda ya mzee kwa kejeli mara nyingi amekalia mjukuu wake.

Na pikipiki si mgeni wa jana katika bonde lile. Mwaka 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yalipokuwa yakipigana na Wajerumani kuanzia Taveta, karibu tu na ziwa, kulikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Jina lenyewe twalijua: watu waliusikia mlio, wakauita mlio.

Basi nilifika Jipe saa kumi alasiri. Ziwa limebanwa na matete, wavuvi wanapitisha mitumbwi yao kwa upondo katika vichochoro vya maji kwenda kutafuta perege. Ng'ambo ni hifadhi ya Tsavo, na ndovu wa huko hawana habari na mpaka. Wakipenda mahindi ya Tanzania wanakuja kuyala. Nilimkuta mjomba chini ya mgunga, Honda imeegeshwa kivulini, na mbele yake kijana wa bodaboda aliyekuwa karibu kulia.

Kijana huyo ana pikipiki ya Kichina ya mkataba. Nyinyi wa mijini mnaujua mkataba: kila siku unapeleka hesabu kwa tajiri, na baada ya muda mliokubaliana, chombo kinakuwa chako. Ukikosa hesabu siku kadhaa, chombo kinarudi na jasho lako linabaki huko huko. Yeye alibakiwa na miezi miwili. Pikipiki ilikuwa inagonga, haina nguvu, inazima ikisimama. Fundi wa barabarani alimwambia injini imekufa, ifanyiwe ovaholi, akataja fedha ambazo kijana hana.

"Shikamoo babu," alikuwa anasema, "nimeambiwa wewe unajua Honda. Lakini hii si Honda."

"Marahaba. Iwashe," mjomba alimjibu.

Alisikiliza kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Akaamuru izimwe na iachwe ipoe. Tulikula makande. Kisha akafungua kifuniko cha juu, akatafuta mahali pistoni inapofika kileleni, akachukua wembe, akaupitisha chini ya tapeti. Kwenye Honda hii nafasi inayotakiwa hapo ni milimita 0.08, injini ikiwa ya baridi. Kwa kuwa wembe wa kunyolea unakaribia unene huo, mjomba hana haja ya kipimo cha dukani. Tapeti moja ilikuwa imekaza kabisa, valvu haifungi. Nyingine imelegea, ndiyo iliyokuwa ikigonga. Akazirekebisha. Akamwaga oili, ambayo ilitoka kidogo na nyeusi, akaweka mpya. Kijana alipiga kiki mara mbili, pikipiki ikaitika na kutulia.

Mjomba hakudai senti. Alimwambia tu, "Hiyo oili ni ya mwisho kuwekwa bure. Kila juma la tatu uje nikuone umeimwaga." Kijana aliondoka, na mimi nikaulewa ubishi wa mtu wa mizani.

Maana mtu yule ananunua kilo. Honda ya mjomba ina uzito wa kilo 100 hivi, na fedha aliyokuwa anatoa haikutosha kununua mbuzi wa maana. Mizani yake haipimi kitu kingine. Haipimi mzee aliyejifunza injini moja kwa miaka zaidi ya 40 mpaka anaitambua hata ikiwa imevaa jina jingine. Honda hiyo ingeondoka, nani angemfuata mzee chini ya mgunga? Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini sitaki kuwadanganya kwa kusifu kila cha zamani. Asubuhi ya pili nilipewa ufunguo. Nilizungusha petroli, nikavuta choki, kiki ya tatu ikawaka. Nilifuata njia ya pembeni mwa ziwa, Kilimanjaro umejitokeza kaskazini magharibi, mlio umetulia, hakuna haraka. Ndugu wasikilizaji, furaha ile sijui niifananishe na nini. Gari linakupitisha katika nchi. Pikipiki ya zamani, kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, inakufanya unuse matete, moshi wa kuni na samaki anayebanikwa.

Kisha mbuzi wakakatiza. Nilikanyaga breki kama nilivyozoea kwenye vyombo vya leo, nayo Honda ikaendelea na safari yake. Breki za zamani ni za ngoma, mbele na nyuma. Zinaomba uzikumbuke mapema. Nilipita katikati ya mbuzi wawili kwa rehema ya Mungu, nikasimama mita nyingi mbele, magoti yakitetemeka. Niliporudi na kusimulia, mjomba alicheka. "Hiyo haisimami kwa mguu," alisema. "Inasimama kwa macho."

Kwa hiyo wewe uliye mjini, ambaye baba au shangazi amekuachia Honda, Yamaha, Suzuki au Vespa stoo, nisikilize. Kabla ya kupiga kiki, mwaga petroli ya zamani na usafishe tenki na kabureta. Badili oili. Zungusha injini polepole kwa mkono, maana ringi zilizoshika zikilazimishwa hukwaruza silinda. Usiamini tairi kwa kuwa kashata bado zipo. Raba huzeeka na kupasuka hata ikiwa imelala. Fungua breki uzione kwa macho. Kama ni ya injini ya kuchanganya oili na petroli, jua kipimo chake kabla hujanoki. Tafuta kadi, uone imeandikwa jina la nani, na kama mwenyewe hayupo duniani, lishughulikie jambo hilo kisheria mapema. Spea ya asili ukiitoa usiitupe, hata kama imekwisha, kwani ndiyo kielelezo cha kuchongea nyingine. Vaa kofia ngumu, na usimpakie mtu mpaka wewe na breki mfahamiane. Zaidi ya yote, mtafute fundi mzee na umpeleke kijana akae pembeni yake. Vitabu vya mafundi hawa havijaandikwa popote isipokuwa vidoleni mwao.

Siku ya kuondoka nilimwambia mjomba kwamba naitaka Honda, ila ibaki kwake. Mafuta, tairi na oili ni juu yangu. Alikubali haraka kuliko nilivyotazamia. Nikaona nafasi ndiyo hiyo, nikamwambia, "Mjomba, ile siku ya stendi ya Mwanga, nilikuona." Akajibu, "Na mimi nilikuona." Halafu akanituma nimletee kitambaa, afute vumbi lililobaki tenkini kutokana na safari yangu.

Mtu wa mizani alirudi juma lililofuata. Nimeambiwa alikuta pikipiki nne chini ya mgunga, tatu za Kichina na moja nyekundu, na vijana wamemzunguka mzee mwenye wembe mkononi. Alinunua sufuria mbovu mbili akaenda zake.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa uzima tukutane tena juma lijalo, saa ni ile ile.